Makopo ya Mrehani

Injini ya mashine ya unga ya Bi Zamda ilikuwa imetengenezwa mara mbili mwaka ule, ringi za pistoni zimelika kwa oili ya bei chee. Fundi alimwapia kwamba mara ya tatu haitatengenezeka. Ndiyo maana siku hiyo alisimama muda mrefu dukani kwa Mbaruku, muuza oili.

"Chukua kopo hili la dhahabu, shangazi," Mbaruku alisema. "Ni ghali, lakini hata pikapu yangu naitilia hili hili."

Bi Zamda akaitazama pikapu uani, kuukuu kuliko watoto wa Mbaruku na bado inawaka mara moja. Kisha akautazama ukuta, ambako mke wa Mbaruku alipanda mrehani kwenye makopo matupu ya oili. Yalikuwa tisa, mengine yameota kutu, na yote ya kijani.

"Nipe kama yale yenye mrehani."

Mbaruku alicheka mpaka akashika kaunta. Akapanda ngazi, akalishusha kopo la kijani, la bei ya kati, lililofunikwa na vumbi.

Bi Zamda alirudi mashineni kopo likiwa kichwani, na kijitawi cha mrehani amekichomeka kwenye ushungi.