Mikate Inatoka

Bwana Mkude, mwenye kiwanda cha mikate, hakupenda maelezo marefu. Alimfukuza kazi mume wa Severina kwa neno moja tu: "Nasikia anaiba unga." Hakuchunguza, na tangu hapo hakuna aliyempa mtu huyo kazi mjini.

Leo alimwita Severina, msimamizi wa mauzo. "Mikate inatoka?"

Severina alijua kwamba mikate hainunuliwi, inaota ukungu madukani.

"Inatoka, bosi. Kila asubuhi."

"Basi naweka nyumba yangu rehani, tujenge tanuri la pili."



Mafundi walipokuja kubomoa ukuta wa kiwanda kupata nafasi ya tanuri, vumbi lilimtanda Severina usoni. Hakulifuta. Alisimama akilitazama tundu likipanuka, hadi ikaonekana barabara ambayo mumewe huizunguka akitafuta kazi.