Lugha ya Nyumbani kwa Papa Cirhuza

Midomo ya Yolande ilikuwa ikicheza tangu atoke kwao Muhumba, mtaa wa wenye nazo. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akamsimamisha.

"Unasema na nani?"

"Nasali, tonton," akajibu, kama anayemwambia mjomba wake.

"Basi utuombee na sisi," askari akasema, akamwacha apite.

Hakuwa anasali. Alikuwa akirudia salamu. Akaendelea kuzirudia alipokuwa akipanda vijia vya Kadutu, viatu vya kisigino mkononi, maana matope ya kule hayajali kama mtu anakwenda kutambulishwa ukweni. Saa kumi alitakiwa kusalimia, na ndoa yake yote ilitegemea salamu hiyo.

Papa Cirhuza, baba wa mchumba wake Akonkwa, alikuwa na sheria moja ambayo hata vita haikuigusa: ndani ya nyumba yake ni Mashi tu, lugha ya kabila lake. Kifaransa kiliachwa mlangoni pamoja na viatu. Kiswahili kilivumiliwa kwa mgeni, kama kikohozi. Sheria yenyewe aliirithi. Marehemu baba yake, aliyefanya kazi kwenye migodi kule msituni, aliiweka siku ileile aliporudi kijijini na mke aliyempata huko, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuivunja.

"Vita imekamata ng'ombe, imekamata shamba," Papa Cirhuza alipenda kusema tangu familia ikimbilie mjini. "Mashi yetu, hapana."

Mwamuzi alikuwa Koko, yaani bibi, mama mzazi wa Papa Cirhuza. Msichana anamsalimia Koko. Koko akijibu, mazungumzo ya mahari yanaanza. Akinyamaza, basi tena. Na kwa kunyamaza Koko alikuwa bingwa. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema ni vita. Waliomjua kijijini walisema hapana, alikuwa hivyo tangu ujana wake. Mwaka uliotangulia Ornella, mchumba wa kaka yake Akonkwa, alimwambia "Bonjour, Koko." Hata soda yake haikufunguliwa.

Yolande alikuwa mtoto wa mwalimu wa chuo kikuu aliyetoka Kasai. Kwao walizungumza Kifaransa mezani na Kiswahili jikoni, mambo yakaishia hapo. Lakini alimpenda Akonkwa, tena sana, na hakuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya bonjour. Kwa hiyo alitafuta mwalimu, wala hakumwambia mtu.

Alimpata kwenye soko la Kadutu: Maman Bintu, muuzaji wa mawese, aliyekimbia vita kama nusu ya soko lile. Alikuwa na kitambaa kichwani, kikapu mgongoni, na kamba ya kikapu imepita kwenye paji la uso. Yolande alipomwona tu, akajua amefika.

"Maman, unifundishe luga ya kwenu nyumbani."

"Ya kwetu?" Maman Bintu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mutoto wa Muhumba! Utafanya nayo nini?"

"Nataka kuolewa."

"Aa! Kama iko ya ndoa, ikala hapa," akasema, akimsogezea kigoda.

Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, Yolande alinunua chupa ya mawese na kupewa somo juu yake. Alijifunza kusalimu, kuuliza watu wamelalaje, kuulizia watoto, shamba na mvua, hata kutania. Maman Bintu alikuwa mkali. Ukikosea, unarudia mbele ya wateja. Huko Muhumba chupa zilijaa chini ya meza ya jikoni, na mama yake Yolande akauliza kama wanataka kufungua kiwanda.

Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya Koko, mikono yote miwili ameinyoosha. Papa Cirhuza alikaa wima kwenye kiti chake. Akonkwa alitokwa na jasho kuliko mchumba wake. Yolande akavuta pumzi, akatoa yote: salamu, usingizi, watoto, shamba, mvua. Hakukosea hata neno moja, na moyo wake ulijaa fahari.

Koko alimkazia macho.

Kisha Tantine Eulalie, dada yake Papa Cirhuza, akafunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Mutoto," Papa Cirhuza akasema polepole, kwa Kiswahili, "hii Mashi ulijifunzaka wapi?"

"Sokoni, Papa. Kwa Maman Bintu, ule wa mawese."

"Bale bamaman ba mawese banatokaka Shabunda, kule musituni!" Tantine Eulalie akalipuka. "Hii haiko Mashi, iko Kilega!"

Yolande alitamani ardhi ipasuke immeze. Miezi mitatu! Na hakuwahi kuuliza. Kwake yeye, kila mwanamke mwenye kikapu mgongoni alikuwa Mushi, msemaji wa Mashi. Machozi yakamlenga. Hakuthubutu kumtazama Akonkwa.

Papa Cirhuza akainuka. Alimwonea huruma, lakini sheria ni sheria.

"Pole, mutoto. Luga ya hii nyumba..."

Hakumaliza. Koko alikuwa ameishika mikono ya Yolande. Midomo yake ikafunguka, na yakatoka maneno ambayo nyumba ile haikuwahi kuyasikia kinywani mwake, kwanza moja moja, halafu kwa wingi, bila kupumua. Alicheka. Alilia. Akamvuta msichana akae karibu naye, akamuuliza jambo, Yolande akajibu, Koko akampiga paja kwa furaha, akaendelea.

Papa Cirhuza akamtazama mama yake, kisha dada yake, kisha mwanawe. Wote wakatikisa kichwa. Mwishowe akasogeza kiti karibu na Yolande, akainama, akamnong'oneza:

"Mutoto yangu... Mama anasema nini?"