Nafasi Moja ya Copenhagen

Muireann Geraghty alitaka mtu afukuzwe chuo, na alitaka lifanyike kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amekaa mbele ya meza ya Dakta Hession, koti bado linadondosha maji ya mvua ya Galway, akigongagonga kwa kidole insha aliyopewa kuisahihisha.

"Huyu hakuandika mwenyewe," alisema. "Ameandikiwa."

Dakta Hession, mwanamke mkavu asiyezoeana na wanafunzi, alivua miwani akaifuta. Akauliza amejuaje ni ya nani, ilhali hakuna jina.

Kweli, jina halikuwepo. Ndio ulikuwa utaratibu wa somo lake la uhasibu, mwaka wa pili wa shahada ya biashara: kila mwanafunzi anaandika insha, kisha kila mmoja anapewa insha moja iliyofichwa jina na namba, aisahihishe. Swali lilikuwa moja kwa wote, biashara inayolegalega ifungwe au iendelee. Lakini Muireann alisoma kurasa mbili tu akajua ameshika ya nani. Ilihusu duka la aiskrimu la ufukweni, na kama linafaa kufunguliwa majira ya baridi. Na darasa zima nani aliyekulia dukani, tena ufukweni, kama si Feidhlim Tuohy?

Wawili hawa hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Muireann alimwita "mwana wa duka", naye Feidhlim akamwita "nahodha", kwa kuwa aliongoza timu ya kamogi, ule mchezo wa magongo wa wasichana, na alipita koridoni kana kwamba kila mtu ni mshabiki wake. Mwanzoni ilikuwa utani. Kisha ikabaki nafasi moja tu ya kwenda kusoma mwaka wa tatu Copenhagen, wao wawili ndio wakawa wa mbele, na somo hili ndilo likawa la kuamua. Utani ukafa hapo hapo. Muireann alikwisha kuwatangazia watu wote wa kwao Athenry kwamba anaondoka. Kurudi nyuma ilikuwa aibu asiyoweza kuifikiria.

Insha yake yeye haikumtoa jasho. Aliituma kwa simu Jumapili, pembeni ya uwanja, matope hadi magotini, mwamuzi akiwaita waingie. Baada ya mechi alikuta ujumbe wa binamu yake Clodagh, aliyekuwa amesoma shahada hiyo hiyo na kujilipia kwa vibarua vya kiangazi huko Kilkee, ufukweni, na sasa alikuwa mhasibu Dublin. "Ukifika Copenhagen usijifanye hunijui," Clodagh aliandika. Muireann akacheka, akaenda kuoga.

Iliyomkosesha raha ni hii ya kusahihisha. Ilikuwa nzuri mno. Kila aya iliingia mahali pake, hesabu zilitulia, na ilipofika kwenye gharama zilizokwisha kuzama, zile pesa zilizokwisha kutumika na zisizorudi tena, ilieleza kwa wepesi hata yeye akaelewa. Alichukia kila mstari. Feidhlim huyu huyu, wa kugugumiza na kuwa mwekundu, leo awe bingwa?

Mbona kwenye semina ya wiki iliyopita alionekana hajui kitu? Dakta Hession alimuuliza Muireann gharama iliyokwisha kuzama ni nini, naye akamrushia mwenzake: aulizwe mwana wa duka, ndiye mwenye mafriji. Darasa likaangua kicheko, na jibu la Feidhlim, kama lilikuwa jibu, likapotelea humo. Dakta hakucheka. Alimtazama Muireann kwa muda, kisha akaendelea na somo.

Sasa Muireann alimkumbusha hayo yote. Mtu wa namna hiyo hawezi kuandika hivi, alisema. Na hakusita kusema kwamba asubuhi hii amempita mtu mwenyewe hapo nje, kwenye benchi, akisubiri kuitwa, na kwamba amemwambia akae karibu kwa sababu zamu yake inakuja.

"Duka la kwao liko wapi?" Dakta Hession aliuliza.

"Enniscrone."

"Humu limeandikwa la Kilkee."

"Amebadilisha mji ili asijulikane. Ujanja wa kitoto."

Dakta aliitikia kwa kichwa, polepole. Mvua ilizidi kupiga dirisha.

"Na mwenye kazi akisema alisaidiwa tu, na mtu wa familia?"

"Kusaidiwa ni kitu kingine, Dakta. Hii ni kuandikiwa, neno kwa neno. Nina hakika hata kuisoma hakuisoma."

"Nami nafikiri hivyo," alisema Dakta Hession, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililainika kidogo. "Ungependa achukuliwe hatua gani?"

Roho ya Muireann ilisuuzika. Aliiona Copenhagen, akamwona Feidhlim akifungasha vitu vyake kurudi kuuza aiskrimu.

"Aondolewe kwenye orodha ya Copenhagen, kisha afukuzwe. Asionewe huruma. Wengine tunahangaika kihalali."

"Unasimamia maneno yako?"

"Yote."

Dakta Hession alivaa miwani yake. Akaivuta insha, akaingiza ukucha chini ya kibandiko cheupe kilichoziba namba ya mwanafunzi, akakibandua taratibu, kisha akaigeuza karatasi imwelekee mgeni wake.

"Darasa zima niliwapa kazi za wenzao, Muireann," alisema. "Wewe peke yako nilikupa ya kwako."