Mawe ya Mulongo Yapata Wateja

Mulongo alikuwa amepiga magoti pembeni mwa soko la Gikomba, akipekua rundo la kandambili zilizokatika, na mwenye rundo alikuwa keshamweleza kwamba humo hamna hata jozi moja kamili. Mulongo akamjibu kwamba jozi hana haja nayo. Alitaka raba tu, aikatekate, aitie ndani ya debe pamoja na mawe yake ili yasigongane yakapasuka.

Wanaume wenzake hunywa, wengine hubeti. Yeye huokota kokoto mtoni Athi na kuzizungusha kwenye mashine hadi zing'ae. Vifaa vyenyewe vya kazi hiyo viliuzwa mjini kwa bei ya kumfukuza mtu dukani, kwa hiyo alijitafutia vyake. Mota aliing'oa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa. Debe lilikuwa la rangi, amelivisha raba ya tyubu ya baiskeli kwa ndani. Mchanga mkali wa kusugulia aliwaomba mafundi wa sakafu za terazo, na unga mweupe wa kumalizia alipimiwa na mkata vioo mmoja aliyemwonea huruma.

Shida ilikuwa nyumbani, Tassia. Debe lilinguruma kutwa kucha, majirani wakagonga ukuta, na mkewe Nangila, mwenye kibanda cha nafaka na maharagwe kule Mbotela, akatoa hukumu. Mwezi ukiisha, mashine inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alisema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na kinu.

Mulongo aliumia sana. Hakuwa anataka makubwa maishani. Alitaka mtu mmoja tu ashike jiwe lake, alitazame, alisifu. Ili kumlainisha mkewe, akamjazia bakuli la mawe aliyoyapenda kuliko yote, mekundu yenye madoadoa, akamsihi akayaweke kibandani watu wayaone. Nangila alichukua moja, akaligeuza kiganjani, akalitazama kwa muda mrefu. Jioni alirudi na bakuli tupu.

"Zimeenda zote, Baba Walter," alisema. "Na hakuna hata mmoja amerudisha."

Tangu hapo mashine haikutajwa tena kwa ubaya. Nangila mwenyewe ndiye aliyeanza kumletea kandambili kuukuu, na majirani walipokuja kulalamika aliwaambia wajifunze kuishi na msanii. Alichoomba ni mawe yawe madogo madogo, kwa sababu madogo hayali mchanga mwingi wa kusugulia, na ndiyo yanayotoka haraka. Mulongo hakubisha. Mke akishaelewa sanaa, mume mwenye akili hushukuru Mungu na kufunga mdomo.

Hata hivyo, alitamani kujua ni akina nani hao wenye jicho la uzuri. Nangila akamwambia ni watu wa kawaida tu, ila Ambaro, mwenye hoteli ndogo kule Gikomba, hubeba mikebe mizima ya kupimia, gorogoro nzima nzima.

Gorogoro nzima! Mulongo alitembea na neno hilo kifuani juma lote. Akilini aliyaona mawe yake yamepangwa kwenye kaunta, mengine yamezunguka sinki la kunawia, mengine ndani ya glasi kubwa yenye maua. Siku ya mapumziko alivaa shati lake la harusi, akaenda kuyasalimia.

Kwenye kaunta hayakuwapo. Kwenye sinki palikuwa na kipande cha sabuni. Ukutani palikuwa na kalenda na picha ya Makka. Mulongo alivunjika moyo kidogo, kisha akajifariji kwamba mtu mwenye busara haachi vitu vizuri mahali pa umma. Bila shaka mama huyu ameyapamba sebuleni kwake. Akaamua ale kwanza, halafu ajitambulishe.

"Karibu, mzee," alisema Ambaro. "Leo madondo imeiva poa. Chapo ngapi?"

Aliagiza mbili. Maharagwe yalikuwa matamu, yenye nazi na dania, naye akala kwa furaha huku akipanga maneno yake ya kujitambulisha. Katikati ya chapati ya kwanza kitu kikalia kinywani mwake, ka!, hadi mteja wa meza ya pili akageuka. Mulongo akatema kiganjani. Palikuwa na nusu ya gego lake, na kando yake jiwe dogo jekundu lenye madoadoa, laini, lisilo na mkwaruzo hata mmoja.

Ambaro alikuja mbio na glasi ya maji. Akalichukua lile jiwe, akalipangusa kwa leso yake, akalitazama.

"Pole sana, mzee," alisema. "Hizi mawe za siku hizi zinafanana na madondo kabisa. Mi huchagua na miwani, na bado zinanipita."

Mulongo, damu imemjaa mdomoni, akajikuta anamwambia asante.