Mkono wa Kulia

Daktari alikuwa ameshaieleza mahakama kwamba aliyempiga mlinzi alitumia mkono wa kushoto.

"Andika jina lako, mheshimiwa hakimu aone," wakili alimwambia mshtakiwa, akampa kalamu.

Mshtakiwa aliishika kwa mkono wa kulia. Aliandika taratibu, herufi za duara, kama yeye na wakili walivyofundishwa zamani wakiwa dawati moja. Wakili alivitazama vidole vile, akaikumbuka rula ya mwalimu ikivishukia vile vya mkono wa pili, siku baada ya siku, mpaka kalamu ikahama. Kalamu tu ndiyo iliyohama. Mawe na ngumi vilibaki kulekule.

Hakimu aliisoma karatasi, akaitikia kwa kichwa. Mwendesha mashtaka hakuwa na la kuuliza. Kule nyuma, mke wa mshtakiwa alishusha pumzi.

Wakili naye mabega yakamlegea. Rafiki yake alikuwa bado amesimama kizimbani, akimtazama kama mtoto anayengoja kuruhusiwa.

Mazoea yana taabu.

"Haya, kaa sasa, Shoto," alimwambia kwa upole.

Hakimu aliacha kuandika.

"Wakili," alisema, "umemwitaje?"