Upana wa Kidole

Fundi wa tinti alikuwa ameshaingiza wembe chini ya kona ya karatasi nyeusi, kwenye dirisha la nyuma la gari langu.

"Hii uliibandika mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilipima mara tatu."

"Ya nne ndiyo uliyokata," akasema, akacheka.

Sikumlaumu. Karatasi ilikuwa imefura malengelenge kila mahali, na pembeni niliikata pungufu, kikabaki kioo kitupu chenye upana wa kidole. Niliibandika kwa sababu ngozi ya binti yangu huungua juani, na shule iko mbali. Asubuhi hiyo alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake ndani, akisubiri tuondoke.

Mama yangu akatoka na mkongojo wake kumuaga mjukuu, kama kila siku. Tangu niweke tinti hakuwa akimwona. Nilidhani anaagana na gari tu.

Akainama pale pembeni. Kidole kidogo kikajitokeza kwenye ule upenyo, kikagusa kioo. Mama akaweka chake kwa nje, palepale.

"Nenda kasome, mke mwenzangu," akasema. "Mume nitakutunzia."

Ndani ya gari mtu akacheka.

Fundi akautoa wembe taratibu. "Bosi, mimi nikibandika, hata sindano haipati pa kupita."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba na wewe ukate pungufu. Hapo tu."

Fundi akachomoa futi mfukoni, akamgeukia mama yangu.

"Bibi," akasema, "naomba nipime kidole."