Kopo la Zalman

"Mwalimu, nimefuata kopo la Zalman," mama yake alisema mlangoni, siku shule ya Kiyahudi ilipofungwa kwa Pasaka.

Kila mtoto alikuwa amepewa kopo na mbegu apande kotmiri yake kwenye Sikukuu ya Miti, ili usiku wa Pasaka aichovye katika maji ya chumvi, kukumbuka machozi ya utumwa wa Misri. Wiki mbili baada ya siku hiyo ya kupanda, Zalman akafariki.

Koponi mwake hakikuota kitu. Asubuhi hiyo mwalimu alihamishia humo miche yake mwenyewe, akaushindilia udongo kwa kidole gumba.

Mama aliyapapasa majani. "Mtundu yule! Aliniambia mbegu zake kawapa njiwa wa hapo uani. Zote."

Mwalimu akaificha mikono yake yenye udongo nyuma ya mgongo.

Mama akalikumbatia kopo. "Haya, niambie. Yanataka maji mara ngapi kwa siku?"